Heshima Inayobadilika Mlangoni: Namna Wajapani Wanavyoitana

Hotuba kwa vijana wanaojiandaa kwenda kusoma Japani

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliowasindikiza watoto wenu, na ninyi vijana mnaosubiri safari: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimewaamkia walionizidi umri, wengine nimewajulia hali, na hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa kwetu umri ndio mwamuzi. Mzee aliyeketi pale mstari wa mbele ni mzee humu ukumbini, ni mzee nyumbani kwake, na nikimtaja mbele ya kiongozi yeyote wa nchi bado nitamtaja kwa uzee wake. Heshima yake anatembea nayo. Kule mnakokwenda heshima haitembei na mtu namna hiyo. Inategemea nani anasema, anasema na nani, na kila mmoja amesimama upande gani wa mlango. Hili ndilo ninalotaka mlibebe leo. Nikiishiwa muda kabla ya mengine, hili moja liwe limewaingia.

Chukueni ofisi yoyote ya Tokyo ambayo mkurugenzi wake anaitwa Tanaka. Wafanyakazi wake humwita Tanaka-shacho, au shacho peke yake, yaani mkuu wa kampuni. Hakuna atakayethubutu kusema Tanaka bila chochote nyuma yake. Kumwita mtu kwa jina tupu Wajapani hukuita yobisute, na baina ya watu wasiozoeana ni utovu wa adabu ambao hausahauliki upesi.

Sasa simu inalia. Mteja wa kampuni nyingine anamwulizia mkurugenzi. Anayepokea ni binti aliyeajiriwa Aprili hii, mwezi ambao kampuni za Japani hupokea waajiriwa wapya, na ndiye mdogo kuliko wote ofisini. Anajibu: Tanaka wa gaishutsu shite orimasu. Tanaka ametoka. Hakuna shacho, hakuna san, lile neno la kawaida la heshima nyuma ya jina, na hata kitenzi cha mwisho, orimasu, ni kile ambacho mtu hukitumia kujishusha. Meneja anayemfundisha kazi, aliyeketi meza ya pili, anasikia na kuridhika. Lau binti angesema Tanaka-shacho ametoka, meneja angeona haya mbele ya mteja, na baada ya simu angemwita pembeni kumrekebisha.

Kwa nini? Kwa sababu simu ile imechora mstari. Mteja yuko nje. Binti, meneja na mkurugenzi wote wako ndani, na walio ndani hushuka pamoja ili aliye nje ainuke. Simu ikikatwa mstari unafutika, na Tanaka anakuwa tena mtu wa kuinamiwa na binti yule yule.

Nyumbani ni hivyo hivyo. Mtoto humwita baba yake otosan, na mama yake okasan. Akikua na kuanza kuwataja kwa watu wa nje, anatakiwa aseme chichi kwa baba na haha kwa mama, maneno makavu yasiyo na sifa yoyote. Kijana anayekwenda usaili wa kazi akasema "otosan wangu ni mkulima" ameshajionyesha kwamba bado ana utoto. Lakini akimwulizia baba wa yule anayezungumza naye, atasema otosan, maana huyo ni baba wa upande wa pili.

Majirani zao Wakorea, ambao nao wana lugha iliyojaa ngazi za heshima, hawafanyi hivyo. Mfanyakazi wa Seoul humtaja bosi wake kwa cheo kamili hata mbele ya mteja, na mtoto humtaja baba yake kwa heshima mbele ya mtu yeyote. Kwa jambo hili sisi tunafanana na Wakorea zaidi kuliko Wajapani, na ndiyo maana wanafunzi wetu wengi hujifunza vitenzi vigumu kwa wiki chache lakini hukwama kwenye kumvua bosi cheo. Ulimi unakataa. Umefunzwa tangu utotoni kwamba kumtaja mkubwa kwa jina kavu ni kumvunjia heshima, sasa unaambiwa kufanya hivyo ndiyo adabu.

Nimewasikia watu wakisema huu ni unafiki wa kupanda na kushuka. Sikubaliani nao hata kidogo. Mimi naona ni jambo zuri sana kwamba mkubwa wa kampuni na mwajiriwa wake wa mwezi mmoja wanapokutana na mgeni wanakuwa kitu kimoja, wote wadogo, wote watumishi wa aliyekuja. Mkubwa anakubali kushushwa na mdogo wake mwenyewe. Tafakarini ni mabosi wangapi hapa kwetu wangelivumilia hilo.

Baada ya hapo, maneno yenyewe si magumu. Lililo salama kuliko yote ni san. Linawekwa nyuma ya jina la ukoo, kwa mwanamume na mwanamke, aliyeoa na asiyeoa, mkubwa na mdogo: Tanaka-san, Suzuki-san. San limetokana na sama, neno zito zaidi, ambalo leo utalikuta kwenye bahasha za barua, kwa wateja, na kwa vitukufu: kamisama kwa mungu, hotokesama kwa Buddha. Kun huitiwa wavulana na vijana wa kiume walio chini yako au sawa na wewe. Chan ni matamshi ya kitoto ya san, nalo ni la watoto, wapenzi na marafiki wa karibu sana. Msilitumie kwa mtu mzima kabla hajalitaka mwenyewe.

Jambo moja msilikosee: hakuna hata neno moja kati ya haya ambalo mtu hujipa mwenyewe. Ukisimama mbele ya darasa ukasema "Mimi ni Asha-san", umejipandisha kiti mwenyewe. Useme Asha tu. Wao ndio watakaoongeza san, na wataongeza.

Msidhani kwamba mambo haya yamekaa vile vile tangu enzi za samurai. Baada ya vita, wakati nchi inajijenga upya chini ya katiba mpya, Baraza la Lugha la Taifa lilitoa mapendekezo mwaka 1952 kuhusu lugha ya heshima ya siku zijazo. Msingi wake ulikuwa kwamba heshima ya zamani ilisimama juu ya tabaka za watu, na sasa isimame juu ya kuheshimiana kama binadamu. Ndipo san likapendekezwa kuwa neno la kawaida la kuitana, na sama likabakizwa kwa maneno ya zamani yaliyokwisha kuzoeleka na kwa anwani za barua. Yale wanayoyaona wageni kuwa mila ya kale isiyoguswa, kumbe sehemu yake kubwa ilitengenezwa na watu waliokaa kwenye kamati, miaka saba tu baada ya kushindwa vitani. Hata majina yenyewe ya ukoo si ya kale kwa kila mtu. Raia wa kawaida waliruhusiwa kuwa na jina la ukoo mwaka 1870, na mwaka 1875 ikawa lazima.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka bungeni. Kanuni za Bunge la Japani zinawataka wabunge waitane kwa neno la heshima, na kwa desturi ya miaka mingi neno hilo lilikuwa kun. Spika humwita mbunge Tanaka-kun, hata mbunge akiwa na miaka 70, hata akiwa Waziri Mkuu. Wanawake nao huitwa kun. Mwaka 1993 Doi Takako akawa mwanamke wa kwanza kuliongoza Baraza la Wawakilishi, na kutoka kwenye kiti chake akaanza kuwaita wabunge kwa san. Hakubadilisha sheria yoyote. Alibadilisha silabi moja, na nchi nzima ikasikia. Alipoondoka, kun likarudi pale bungeni. Lakini mashuleni upepo ulivuma upande wake: shule nyingi za msingi leo humwita kila mtoto kwa san, mvulana na msichana sawa, wakati zamani mvulana alikuwa kun na msichana san.

Sensei nalo lina hadithi yake. Mtalitumia kila siku kwa maprofesa wenu. Wajapani huwaita hivyo pia madaktari, mawakili, waandishi, wachoraji wa katuni, na wanasiasa. Hapo kwa wanasiasa ndipo pameleta mjadala, kwa sababu wengi wanauliza mwanasiasa amemfundisha nani. Mwaka 2022 Baraza la Mkoa wa Osaka liliamua wajumbe wake wasiitwe tena sensei. Sisi tulio na Waheshimiwa kila kona tungeufuatilia kwa makini mjadala huo. Tanzania ilikuwa na wakati wake wa Ndugu, pale mkulima na waziri walipoitwa kwa neno moja, na wazazi mlio hapa mnakumbuka namna Mheshimiwa alivyorudi. Mimi ni miongoni mwa wanaosikitika kwamba Ndugu alituponyoka.

Neno la heshima likitumika sana huchakaa, na Kijapani kina ushahidi wa kutisha. Kisama, ukiliangalia kwa herufi za kanji, lina maana ya mtukufu na lina lile sama ndani yake. Zamani lilikuwa neno la barua za watu wenye adabu. Leo ukimwambia mtu kisama umemtukana, na huenda mkashikana mashati. Omae nalo lilikuwa la kumwinua mtu, sasa ni la mwanamume kumwambia aliye chini yake au rafiki wa kuzoeana. Mapendekezo ya 1952 yalitaka anata liwe neno la kawaida la kumwambia mwenzako "wewe", lakini hata hilo halikusimama: mdogo hamwambii mkubwa wake anata.

Basi utamwambiaje profesa "wewe"? Hutamwambia. Utalirudia jina na cheo chake pale ambapo sisi tungesema wewe. Sensei atakuja kesho? Kitabu hiki ni cha sensei? Hili halitawasumbua, maana hata kwetu mtoto mwenye malezi hamwambii babu "wewe". Husema: Babu ameshakula?

Vitenzi nitavigusa kidogo tu, walimu wenu watavimaliza. Kula ni taberu. Akila mgeni ni meshiagaru, nikila mimi mbele yake ni itadaku. Kwenda ni iku, akienda mkubwa ni irassharu, nikienda mimi ni mairu. Kwa hiyo hata jina lisipotajwa, kitenzi peke yake kinasema nani yuko juu. Mwaka 2007 baraza la utamaduni la serikali yao lilitoa mwongozo uliogawa lugha ya heshima katika aina 5, wakati shuleni walizoea 3, na Wajapani wenyewe hununua vitabu vya kujifunza mambo haya wanapoanza kazi. Mkikosea, mtakuwa pamoja nao.

Kuna upande wa haya mambo ambao unanigusa zaidi ya ofisi na bunge, nao ni huruma iliyomo. Watoto wadogo humwita tembo zo-san. Jua ni ohisama na mwezi ni otsukisama. Anayeoka mikate ni pan'ya-san, muuza samaki ni sakanaya-san. Huko Osaka, bibi aliyeketi karibu nawe kwenye treni anaweza kutoa pipi kwenye pochi yake na kukukaribisha ame-chan, pipi yenye jina la kubembelezwa kama mtoto. (Fuji-san ni jambo jingine. Lile san ni neno la mlima, wala hawauamkii mlima wao kwa cheo, ingawa wageni wengi huamini hivyo.)

Ndani ya familia kuna kitu mtakachokitambua mara moja. Mtoto akizaliwa, majina ya nyumba nzima hugeuka na kumfuata yeye. Mke humwita mume otosan, mume naye humwita mke okasan. Bibi humwita binti yake mwenyewe mama. Mtoto wa kwanza akiwa mvulana, mdogo wake akizaliwa, anaanza kuitwa oniichan, kaka mkubwa, hata na wazazi wake. Watu wa pwani na bara, tuliozoea Mama Asha na Baba Juma, tutajiona tuko nyumbani.

Lakini kuna maneno yanayowaumiza. Mke wa Kijapani akimtaja mume wake kwa watu wa nje, kwa desturi husema shujin, na kanji zake ni zile za bwana mwenye mali. Wanawake wengi leo hawalitaki, husema otto, mume, basi. Ugumu huja pale unapomtaja mume wa mwenzako, maana lile la heshima lililozoeleka, goshujin, limebeba ubwana ule ule. Watu wanajaribu maneno mengine na hakuna lililoshinda bado. Na kwenye vilabu vya michezo vya shule, tofauti ya mwaka mmoja tu humfanya mmoja kuwa senpai, aliyetangulia, na mwingine kohai, aliyefuata, na kohai huokota mipira, huosha vifaa, husalimia wa kwanza. Yapo malezi mazuri humo, yapo pia manyanyaso. Mkijiunga na klabu chuoni, heshimuni senpai wenu, lakini mtu asitumie neno hilo kuwadhalilisha mkadhani ni utamaduni wa lazima.

Nitoe mfano mmoja wa magazeti, kwa ajili ya wale watakaosoma sheria au uandishi wa habari. Zamani mtu akikamatwa na polisi, magazeti ya Japani yalimvua kila kitu, yakaandika jina lake tupu. Kumvua mtu san kulikuwa sawa na kumhukumu kabla ya hakimu. Katika miaka ya 1980 likaja swali la haki za watuhumiwa, na kufikia 1989 vyombo vikubwa vilikuwa vimeanza kuweka neno yogisha, mtuhumiwa, nyuma ya jina la aliyekamatwa. Akifikishwa mahakamani anakuwa hikoku, mshtakiwa. Ni maneno makali, lakini afadhali mtu ana kitu nyuma ya jina lake, na kitu hicho kinamkumbusha msomaji kwamba hukumu haijatoka.

Sasa mambo ya kufanya kwa mkono, maana mengine mtayasahau.

Barua pepe ya kwanza kwa profesa huanza kwa jina lake la ukoo na sensei. Msiongeze sama juu ya sensei, inakuwa heshima juu ya heshima. Mkiandikia ofisi au idara, si mtu, nyuma ya jina la ofisi huwekwa onchu. Mkiandikia watu wengi kwa pamoja, kakui, nalo halitaki sama nyuma yake.

Siku moja mtaalikwa harusi au sherehe, na ndani ya bahasha mtakuta kadi ya kujibu. Upande wa anwani, chini ya jina la mwenyeji, kumechapwa neno yuki, lenye maana ya "kwa" tu. Mwenyeji amejishusha, kwa kuwa hawezi kujiandikia sama. Ninyi mnachukua kalamu na rula, mnalikata yuki kwa mistari miwili iliyonyooka, na kando yake mnaandika sama. Upande wa pili wameandika "kuhudhuria kwenu kutukufu", yaani go-shusseki. Ile go mnaikata vile vile, kwa sababu wao wamewainua nanyi hamwezi kujiachia mkiwa mmeinuliwa. Kadi moja ndogo inaondoka na mikato yake, na kila mkato ni mtu akiikataa heshima aliyopewa au akimrudishia mwenzake aliyejinyima. Sijaona adabu iliyoandikwa wazi namna hiyo mahali pengine popote.

Kuhusu majina yenu. Wao hutanguliza jina la ukoo, na tangu Januari 2020 serikali yao huandika hivyo hata kwa herufi zetu za Kirumi kwenye nyaraka rasmi. Kadi yenu ya ukaazi itafuata pasipoti. Wengi wenu mna majina matatu, na la mwisho ni la babu, kwa hiyo hospitalini au benki mtasikia mkiitwa kwa jina la babu yenu na san nyuma yake. Itikieni. Wengine watawaita kwa jina la kwanza bila san, kwa sababu wamesikia kwamba wageni wanapenda hivyo. Msilichukulie kuwa dharau, wamejaribu kuwafuata ninyi. Mkitaka san, anzeni kuwaita wao kwa san kila mara, na mara nyingi itarudi.

Na mkiulizwa na mwenyeji kuhusu wazazi wenu hawa walioketi hapa, mseme chichi na haha, maneno yale makavu. Wazazi, mkisikia kwenye video watoto wenu wakiwataja hivyo mbele ya Wajapani, wamewashusha kwa ajili ya mgeni kama walivyofundishwa, na mgeni wao atawataja ninyi kwa otosan na okasan.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Walio na maswali, tuanze na wanaokwenda Aprili, ndio wenye haraka.